Kilichotangulia Tusi

Faraja mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Michenzani kumuaga shangazi yako, na namjua shangazi, hakuachii mpaka umekula. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Begi lako liko wazi kitandani. Mambo ya begi sitayaandika, wala ya boti ya kesho, wala ya chuo cha uuguzi huko Morogoro; hayo umeyasikia kwangu hadi umechoka, na kama nimesahau kitu utanipigia simu.

Nataka kuandika juu ya Alhamisi.

Alhamisi mwalimu wa kwaya alikuja hapa Kikwajuni, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akaniambia kwa upole kwamba jana yake, baada ya mazoezi, ulimtukana. Akasema lilikuwa tusi zito, lisilofaa kinywani mwa binti wa Kikristo. Hakulitaja. Nikakuita, ukaitika naam, ukaja ukasimama karibu na mlango, mbali naye. Nikakuuliza mbele yake kama ulimtukana. Ukasema ndiyo. Nikakwambia piga magoti uombe msamaha, ukapiga. Akakuwekea mkono kichwani akasema amekusamehe, utoto tu. Wewe wa miaka kumi na tisa.

Alipoondoka ukanifuata jikoni ukaniuliza, "Mama, kwani kutukana ni dhambi?"

Nikakujibu ni dhambi, upesi upesi, kama mtoto anayejibu darasa la kipaimara, nikarudi kwenye wali wangu. Hukuuliza tena. Tangu siku hiyo unanijibu vizuri mno, na mimi mtu anayenijibu vizuri mno namshuku. Jana usiku nililala nikikuona ulivyosimama pale mlangoni. Nilikuuliza kama ulitukana. Sikukuuliza ulimtukania nini.

Kosa hilo si mara ya kwanza kulifanya. Swali lako nitalijibu, lakini siwezi kulijibu bila kukueleza jambo ambalo hujapata kulisikia kwangu, wala kwa mtu mwingine, maana wanaolijua lote hawazidi wanne.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka miwili. Nilitafuta kazi miezi mingi nikapata ya kufua katika hoteli ndogo ndani ya Mji Mkongwe, nyumba ya zamani ya ghorofa tatu yenye ua katikati. Aliyenitafutia kazi ile alikuwa msimamizi wa vyumba, Bwana Samweli, mzee wa kanisa letu. Ndiye aliyesimama kunisemea kwa meneja, akasema huyu ni mjane, ni dada katika Bwana, hatawaibieni hata kitambaa. Nilimshukuru kwa machozi.

Samweli alikuwa mtu wa maneno safi. Sijapata kumsikia akisema hata "mjinga". Mtu akiteleza mbele yake na neno baya, yeye hufumba macho kidogo kama aliyepigwa na mwanga, kisha humwambia pole pole kwamba kinywa ni mlango wa moyo. Kila asubuhi akinipita kwenye ngazi alinisalimu, "Dada Veronika, Mungu ni mwema," nami namjibu, "Kila wakati."

Kufuani mkubwa wetu alikuwa Bi Mwanajuma, mwenyeji wa Jambiani. Huyu, mwanangu, alitukana. Aliitukana pasi ikichelewa kupata moto, akaitukana mvua, akalitukana shuka lenye doa la embe, na mgeni aliyelitia doa, na nchi alikotoka. Kisha anaswali, kisha anarudi anatukana. Mara moja nilimuuliza haogopi Mungu, akacheka akasema, "Mungu ananijua, Veronika. Wewe ndiye hunijui." Nilimwogopa. Nilikuwa nikirudi nyumbani nakuosha masikio wewe, kana kwamba nimekuletea maneno yake mfukoni.

Wa tatu wetu alikuwa Rukia, msichana wa Tumbatu, mkimya, mwepesi wa mikono kuliko sisi sote. Umri wake ulikuwa huo ulio nao wewe leo.

Juu kabisa ya nyumba ile kulikuwa na stoo ya mashuka. Ufunguo alikuwa nao Samweli. Nikaanza kuona kwamba akihitaji kuhesabu mashuka humwita Rukia. Siku moja nilipanda na kapu la taulo, nikakutana na Rukia anashuka. Mtandio wake alikuwa ameuvaa nje ndani. Hakunitazama. Nilipofika juu Samweli alikuwa akifunga mlango wa stoo, kalamu sikioni, akaniambia Mungu ni mwema. Nikamjibu.

Nataka unielewe hapa. Sikuwa mjinga. Niliona mtandio. Niliuona na papo hapo nikajitafutia maelezo: joto la juu, mwanga mdogo, msichana mwenyewe hajui kujitunza. Nilikuwa na maelezo matatu kabla sijalitua kapu. Tangu siku ile, kila ninapojikuta na maelezo mengi ya haraka juu ya jambo dogo, najishuku mwenyewe kwanza.

Bi Mwanajuma hakutafuta maelezo. Alimuuliza Rukia. Sijui alimuulizaje, walikuwa wamejifungia chumba cha kupigia pasi. Alipotoka alikwenda moja kwa moja uani, ambako wageni walikuwa wakinywa chai na Samweli amesimama katikati yao na sinia, na pale pale akamtukana. Matusi ya nguoni, Faraja, moja baada ya jingine, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka vichochoro vya pili. Wageni hawakujua maana lakini waliweka vikombe chini. Samweli alifumba macho.

Adhuhuri ile meneja alituita ofisini. Bi Mwanajuma alikuwa amesimama, Samweli amekaa. Rukia alikuwa ameshakimbilia nyumbani. Meneja akaniambia kwamba mimi ni Mkristo, sitasema uongo, basi nimweleze: Mwanajuma alitukana au hakutukana?

Nikasema alitukana.

Akaniuliza alisema nini. Nikasema siwezi kuyatamka. Na nitakwambia kitu cha aibu: nilipolisema hilo nilijiona msafi. Nilijiona nimeshinda jaribu.

Bi Mwanajuma alinigeukia. Hakuwa na hasira hata. "Veronika," akasema, "waambie na nililomtukania."

Nilitazama sakafu. Ilikuwa na vigae vyeusi na vyeupe. Meneja hakuuliza tena, Samweli akasema kwa sauti ya huruma kwamba yeye hana kinyongo, na Bi Mwanajuma akatolewa kazini siku ile ile baada ya miaka kumi na moja. Rukia hakurudi. Mkubwa wa kufuani nikawa mimi.

Nilisema kweli, unaona. Neno kwa neno, sikuongeza wala sikudanganya. Nimewaza miaka mingi kama kuna tusi lililomdhuru mtu kama kweli yangu ile, na silipati.

Miezi minane ilipita. Sikuwa na amani lakini nilikuwa na mshahara, na wewe ulikuwa umeanza kunenepa. Kisha asubuhi moja Samweli akaniita nipande tuhesabu mashuka.

Nilipanda. Sitakuandikia yote. Alifunga mlango kwa ndani akaniwekea mkono kiunoni, na sauti aliyonisemea ni ile ile ya kuombea chakula. Alisema, "Dada yangu, Mungu anaujua upweke wa mjane." Hakuna neno hata moja pale ambalo lingekatazwa kanisani. Mimi, ambaye nilidhani ningepiga kelele, sikupiga. Tusi halikunijia, wala sala. Nilitabasamu, mwanangu. Uso wangu ulifanya wenyewe. Alikuwa ameshanivua kitambaa cha kichwa pale mtu alipomwita kutoka chini, maji yamekatika ghorofa ya pili, akafungua mlango akashuka. Nilikaa juu ya mashuka nikakifunga tena kitambaa.

Jumapili yake nilikwenda kanisani kama kawaida. Ibada ilipokwisha tukatoka nje, na Samweli akanijia katikati ya watu, mkono mbele, anatabasamu, Dada Veronika, Mungu ni mwema. Sikujibu ilivyozoeleka. Nilimtukana. Nilichagua lile zito kabisa, la mama yake. Wajua matusi yetu makubwa yote humpitia mama wa mtu kabla ya kumfikia mwenyewe.

Nyuma yake kulikuwa na bibi kizee ameketi kwenye kiti cha plastiki. Sikumwona. Alikuwa mama yake Samweli, amekuja wiki ile kutoka bara kumtembelea mwanawe, macho yake hayaoni vizuri. Akainua uso kuitafuta sauti yangu.

"Mwanangu," akauliza, "mimi nimekukosea nini?"

Watu wote walinitazama mimi, si Samweli. Nilianza kusema alichonifanyia stoo, maneno yakatoka vipande vipande, lakini hakuna aliyekuwa akiyasikiliza. Walikuwa bado wanalisikia lile la kwanza. Wazee wa kanisa walikaa, wakanitenga na Meza ya Bwana kwa miezi sita. Samweli ndiye aliyeniombea ipunguzwe iwe mitatu. Walimsifu kwa hilo.

Hapo ndipo nilipomwelewa Bi Mwanajuma, na ndipo nilipomwelewa Samweli vilevile. Tusi letu lilikuwa mapumziko kwake. Tulipolitoa, yeye akapata mahali pa kukaa. Kesi ikawa tusi.

Yule bibi nilimfuata siku tatu baadaye nikamtaka radhi. Alinishika mkono akasema amenisamehe, halafu akauliza, polepole, kama anayeogopa jibu, mwanawe alikuwa amenifanyia nini. Nikamwambia hapana, mama, zilikuwa hasira tu. Hakuniachia mkono. Nashuku alijua. Nashuku alikuwa ameshawahi kuuliza swali lile kwa mwanamke mwingine, mahali pengine, akajibiwa vile vile.

Wiki ile ile nilikwenda Jambiani. Maji ya bahari yalikuwa yamekupwa, nikamkuta Bi Mwanajuma mbali huko, ameinama kwenye mashamba yake ya mwani, anafunga vishada kwenye kamba. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinuka. Akaniacha nimesimama juani mpaka amemaliza kamba nzima. Kisha akajinyoosha akanitazama.

"Umekuja kunitaka radhi au kunitaka ushahidi?"

Nikamwambia vyote viwili.

"Basi anza na hilo la kwanza."

Nilianza. Nilimweleza mtandio, na vigae, na jinsi nilivyojiona msafi. Nilipofika kwenye habari ya stoo aliiweka kamba chini. Nilipomaliza alinitukana. Tusi moja tu, kwa sauti ya chini, bila kumtaja mama yangu, na lilikuwa la haki kabisa, nikamwambia nimestahili. Akaniambia nisimame upande wa pili wa kamba nimsaidie, kabla maji hayajarudi.

Yeye ndiye aliyekwenda kumleta Rukia, ambaye sasa alikuwa ameolewa. Hatukurudi kwa meneja. Tulikwenda kwa mwenye hoteli, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akikaa nyumba ya pili yake na ambaye hatukupata kusema naye hata siku moja. Njiani Bi Mwanajuma alijiapiza, wallahi leo hatatokwa na tusi, na tulipoketi aliukaza mdomo mpaka nikamhurumia. Rukia alisema kwanza, akimtazama Bi Mwanajuma muda wote. Kisha mimi. Tulisema mambo yalivyokuwa: siku, mlango, ufunguo, mkono.

Mwenye hoteli akamwita Samweli. Akaja, akatusalimu sote kwa majina, akasikiliza, na akajibu kwa masikitiko kwamba wanawake hawa, mmoja alimtukana mbele ya wageni na mwingine mbele ya kanisa, mama yake mzazi amekaa pale.

"Hilo nimelisikia," mwenye hoteli akamwambia. "Nimekuuliza habari za stoo."

Alifumba macho. Alingoja, nadhani, mmoja wetu amtukane. Hakuna aliyemtukana. Akaanza kusema Mungu ndiye shahidi yake, akaishia katikati.

Alifukuzwa, lakini kimya kimya. Kanisani alisema anahamia bara kwa kazi ya Mungu, na Jumapili ya mwisho wakamwombea na kumpa zawadi ya saa. Nilikuwepo. Watu walipopiga makofi niliweka mikono mapajani. Sijui yuko wapi leo. Bi Mwanajuma aliombwa arudi kazini akakataa, akasema hatapiga tena pasi shuka la mtu. Mimi nilirudi, nilikuwa na wewe.

Kwa hiyo uliniuliza kama kutukana ni dhambi kwa Mkristo. Mchungaji wetu husema ulimi unaomsifu Mungu usimdhalilishe mtu aliyeumbwa naye, nami naliamini hilo, siwezi kukwambia vingine. Tusi langu lilimpiga bibi asiyeona ambaye hakunikosea kitu, nami hulikumbuka kila ninapoenda mezani kwa Bwana. Nililitubu. Lakini ile kweli yangu ya ofisini, isiyo na doa, hakuna mzee wa kanisa aliyeniambia niitubu. Nilijitenga mwenyewe kwa ajili yake, Jumapili nyingi, nikikwambia wewe kwamba tumbo linaniuma.

Tangu hapo sikuweza tena kuyaamini maneno masafi kwa sababu tu ni masafi. Pengine nimepita kiasi. Mtu akiniambia ubarikiwe, natazama mikono yake iko wapi. Najua umenicheka kwa hilo, wewe na shangazi yako, na mara nyingine nimewashuku watu wema bure. Nimewapoteza marafiki wawili hivyo. Sikuagizi uwe kama mimi. Ni uchovu kuishi hivi. Ila huko uendako utafanya kazi wodini, wagonjwa watakutukana kwa maumivu, na watakuwepo wengine watakaokuita dada mpendwa, nami sipendi uende ukidhani mama yako alikufundisha kuwatambua watu kwa hilo.

Na Alhamisi, pamoja na haya yote ninayoyajua, mtu mpole alikaa kwenye kiti changu akaniambia umetukana, nami nikafanya kama meneja yule. Nikakupigisha magoti. Nikamwacha akuguse kichwa. Niliona ulivyokaza shingo, Faraja, na nikapata maelezo ya haraka.

Leo asubuhi, ulipodhani nimekwenda sokoni, nilikwenda kwa mwalimu wa kwaya. Nilimuuliza: kabla hujamtukana, nini kilitokea? Akasema dada, tusirudi nyuma, ameshasamehe. Nikamwambia sikuja kwa ajili ya msamaha wake, nimekuja kuuliza kilichotangulia. Akasema vijana wa siku hizi. Nikauliza mara ya tatu. Akatazama saa, akasema ana kipindi, akaniacha kibarazani, na sauti yake haikuwa tena ile ya Alhamisi. Hakukanusha kitu, maana sikuwa nimemshutumu kwa kitu. Hakujibu tu.

Labda halikuwa jambo. Labda alikukosoa noti ukapandwa na hasira zako, unazo, umezirithi. Kama ni hivyo niambie hivyo hivyo, tutakwenda kumtaka radhi wote wawili, nami nitamtaka yangu. Na kama ni jambo, niambie kwa maneno uliyonayo, hata yakiwa mabaya, hata yakiwa mawili tu. Sitakusahihisha. Nitakuamini kabla hujamaliza, kisha tutakwenda pamoja kwa mtu wa kuuliza, na nimeshafikiria ni nani. Kama boti ya kesho itaondoka bila wewe, iondoke.

Barua hii naiweka juu ya nguo zako. Mimi nitakuwa uani, naanua nguo. Usije kuniambia hujambo. Njoo uniambie alifanya nini.

Mama yako,
Veronika